Siku ya Kwanza Mbele ya Darasa: Walimu Wanafunzi Wako Tayari Kiasi Gani?

Kila mwaka, shule za kaunti za Kisii na Nyamira hupokea walimu wanafunzi, yaani vijana wa vyuo vya ualimu na vyuo vikuu wanaokuja kufanya mazoezi ya kufundisha ambayo wengi huyaita TP. Wengi wa wale wa vyuo vikuu huja katika muhula wa pili, kati ya mwezi wa Mei na Agosti, kwa kuwa muhula wa tatu ni mfupi na hujaa mitihani. Katika kipindi hicho mtoto anaweza kurudi nyumbani na kusema kuwa wana mwalimu mpya wa Hisabati au wa Kiswahili, na mzazi akajiuliza mwalimu huyo ni nani na kama anaijua kazi.

Swali hilo ni la haki. Mwalimu mwanafunzi mwenyewe pia huwa anajiuliza swali lilo hilo, tena kwa wasiwasi zaidi. Makala haya yanaeleza jinsi vijana hawa wanavyotayarishwa, hofu wanazokuja nazo, sababu za hofu hizo, na yale ambayo shule na wazazi wanaweza kufanya ili muhula wa mazoezi uwafae watoto pamoja na mwalimu anayejifunza.

Wanatayarishwa wapi, na nani anawajibika

Eneo la Gusii lina historia ndefu ya kutayarisha walimu. Chuo Kikuu cha Kisii chenyewe kilianza mwaka wa 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi. Mwaka wa 1983 kilipandishwa hadhi kuwa chuo cha walimu wa sekondari, mwaka wa 1994 kikawa bewa la Chuo Kikuu cha Egerton, na mwaka wa 2013 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Vyuo vya umma vya ualimu viko Kenyenya, katika Kaunti ya Kisii, na Borabu, katika Kaunti ya Nyamira. Karibu na mji wa Kisii kuna Chuo cha Nyanchwa cha Kanisa la Waadventista.

Wakazi wengi huuliza kama walimu hawa wako chini ya serikali ya kaunti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iligawa majukumu ya elimu. Serikali ya kaunti ina wajibu wa elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya malezi ya watoto. Serikali ya kitaifa husimamia shule za msingi, sekondari, vyuo vya ualimu na vyuo vikuu. Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, iliyoundwa chini ya Kifungu cha 237 cha Katiba, ndiyo inayosajili walimu wote waliohitimu na kuwaajiri wale wa shule za umma za msingi na sekondari.

Kwa hiyo mwalimu mwanafunzi anayefanya mazoezi katika kituo cha chekechea cha umma yuko katika mazingira yanayosimamiwa na kaunti. Yule anayefundisha Gredi ya 5 katika shule ya msingi jirani yuko chini ya mwalimu mkuu wa shule hiyo, na kupitia kwake chini ya serikali ya kitaifa. Wote wawili wanabaki kuwa wanafunzi wa vyuo vyao. Hawajaajiriwa na hawapokei mshahara wa mwalimu.

Mafunzo yenyewe yamebadilika. Kuanzia mwaka wa 2021, vyuo vya walimu wa shule za msingi vilianza kutoa stashahada badala ya cheti kilichojulikana kama P1. Walimu wa chekechea nao wana stashahada yao. Lengo lilikuwa kuwapa walimu wapya muda na ujuzi wa kufundisha Mtaala wa Umilisi, ambao ulianza kutumika nchini kote Januari 2019 kuanzia chekechea hadi Gredi ya 3.

Hofu wanazokuja nazo

Hofu ya mwalimu mgeni haikuanzia Kenya. Mwaka wa 1984, mtafiti Mholanzi Simon Veenman alikusanya matokeo ya tafiti 83 kutoka nchi mbalimbali kuhusu matatizo yanayowakabili walimu wanapoanza kazi. Tatizo lililotajwa zaidi lilikuwa nidhamu ya darasa. Baada yake yalikuja mambo kama kuwatia wanafunzi ari ya kujifunza, kushughulikia tofauti kati ya mtoto mmoja na mwingine, kutathmini kazi za wanafunzi, na kuelewana na wazazi. Miongo minne imepita, na mwalimu yeyote aliyekaa na walimu wanafunzi katika majilisi ataitambua orodha hiyo.

Hofu ya nidhamu ina sababu iliyo wazi. Chuoni, mwanafunzi hujifunza kuandaa maazimio ya kazi, andalio la somo na rekodi ya kazi. Hayo yote huandikwa katika utulivu. Darasani mambo huja kwa pamoja: mtoto mmoja anaomba ruhusa ya kutoka, wawili wanagombania kitabu, aliye nyuma hasikii, na muda unakwenda.

Hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wa kazi. Somo moja katika madarasa ya juu ya shule ya msingi huchukua dakika 35. Darasa likiwa na watoto 60, mwalimu akitaka kumpitia kila mmoja, atakuwa na sekunde 35 kwa kila mtoto, na hapo bado hajafundisha lolote. Andalio la somo lililopata alama nzuri chuoni linaweza kuvunjika mbele ya darasa kama hilo. Linavunjika hata kama mwalimu anajua somo lake, kwa sababu hajajifunza kuwapanga watoto katika vikundi, kuwatumia wanaoelewa haraka kuwasaidia wenzao, na kukagua kazi chache zinazoonyesha hali ya darasa zima.

Hofu nyingine ni ya kutojua jibu. Mwalimu mwanafunzi huogopa kuulizwa swali na mtoto mwerevu akashindwa. Ipo pia hofu ya siku ambayo mhadhiri atakuja kumkagua, kwa kuwa alama za TP huingia katika matokeo yake. Na ipo hofu ambayo haizungumzwi sana, ya gharama. Nauli, kodi ya chumba, chakula na vifaa vya kufundishia hutoka mfukoni mwake au mwa wazazi wake. Hii ndiyo sababu moja ya wengi kuomba shule zilizo karibu na nyumbani.

Kujiamini na kuwa tayari ni mambo mawili

Mtu anaweza kujiamini sana na bado asiwe tayari. Mwingine anaweza kuwa na ujuzi wa kutosha na bado akatetemeka mbele ya watoto. Vyuo na shule zinapouliza kama mwalimu mwanafunzi yuko tayari, ni vyema kutenganisha mambo haya mawili.

Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alieleza mwaka wa 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hutokana na vyanzo vinne. Cha kwanza na chenye nguvu zaidi ni kufanya kazi yenyewe na kufanikiwa. Cha pili ni kumwona mtu anayefanana nawe akifanikiwa. Cha tatu ni kutiwa moyo na watu unaowaamini. Cha nne ni hali ya mwili na hisia, kwa mfano moyo kwenda mbio au mtu kukosa usingizi, ambayo hufasiriwa kama dalili ya kushindwa.

Maelezo hayo yanasaidia kufahamu kwa nini maneno matupu ya kutia moyo hayatoshi. Kumwambia kijana "usiogope" ni chanzo cha tatu pekee. Kumpa somo moja dogo, akalifundisha vizuri huku mwalimu mzoefu akiwa nyuma ya darasa, ni chanzo cha kwanza, nacho hudumu zaidi.

Utafiti wa Anita Woolfolk Hoy na Rhonda Burke Spero, uliochapishwa mwaka wa 2005, ulifuatilia walimu nchini Marekani tangu mafunzo hadi mwisho wa mwaka wao wa kwanza kazini. Imani yao katika uwezo wao ilipanda wakati wa mafunzo na mazoezi, kisha ikashuka walipoanza kazi. Mabadiliko hayo yalihusiana na kiasi cha msaada walioupata shuleni. Kwa hiyo hisia ya kuwa tayari si kitu ambacho mtu hukipata chuoni mara moja na kukaa nacho. Hupanda na kushuka kulingana na mahali mtu anapofanyia kazi na watu anaofanya nao.

Kizazi kilichosomea mfumo mmoja na kufundisha mwingine

Walimu wanafunzi wa sasa wana jambo ambalo waliowatangulia hawakuwa nalo. Wengi wao walisoma mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka wa 2023. Vijana hawa walikaa darasani kwa miaka 12 wakiwatazama walimu wa mfumo ule, na sasa wanatakiwa kufundisha Mtaala wa Umilisi.

Mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, aliandika mwaka wa 1975 kwamba kila mwalimu huingia kazini akiwa tayari amejifunza ualimu kwa kuwatazama walimu wake tangu utotoni. Mafunzo hayo ya kutazama huwa na nguvu sana, hasa mtu anapobanwa. Somo linapomwendea mrama, mwalimu mgeni hurudi kwa njia aliyoizoea: kuandika ubaoni, kuwaamuru watoto wanakili, na kuwaambia wanyamaze. Anaweza kuwa amefaulu mtihani wa chuo kuhusu kazi za vikundi na tathmini ya mara kwa mara, lakini hajawahi kuziona zikifanywa na mwalimu aliyemfundisha yeye.

Mabadiliko yenyewe yamekwenda kasi. Januari 2023 Gredi ya 7 ilianza katika shule za msingi, na Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo waliingia Gredi ya 10. Mwalimu mwanafunzi anaweza kumkuta mwalimu mwenyeji ambaye naye bado anajifunza mtaala huo. Hili halina aibu kwa yeyote, mradi wawili hao wakae pamoja na kupanga kazi, kwa kuwa kijana ana nadharia mpya na mwenyeji anawajua watoto.

Suala la adhabu nalo ni sehemu ya urithi huu. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, katika sehemu ya 36, inaharamisha adhabu ya kumpiga au kumdhalilisha mwanafunzi. Hata hivyo, baadhi ya vijana wanaofanya mazoezi walikua wakiona kiboko kikitumika. Asiyeoneshwa njia nyingine ya kutuliza darasa anaweza kuchukua fimbo kwa hofu, akavunja sheria, akamwumiza mtoto na kuharibu kazi yake kabla haijaanza. Kwa sababu hiyo, kumfundisha mwalimu mwanafunzi kusimamia darasa kunagusa moja kwa moja usalama wa watoto.

Lugha katika madarasa ya chini

Sera ya elimu nchini inataka watoto wa chekechea na wa Gredi ya 1 hadi ya 3 wafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Mashinani, lugha hiyo ni Ekegusii. Katika mji wa Kisii, Keroka na sehemu nyingine zenye mchanganyiko wa watu, mara nyingi huwa Kiswahili. Mwalimu mwanafunzi aliyetoka kaunti nyingine na kupangiwa kituo cha mashinani hukutana na watoto wa miaka 4 au 5 wasioelewa maelekezo yake. Yule wa nyumbani naye anaweza kukwama, kwa kuwa mafunzo yake yote yalikuwa kwa Kiingereza na hajui namna ya kueleza sehemu, umbo au kipimo kwa Ekegusii.

Dawa ya tatizo hili ni maandalizi madogo: kuandika kabla ya somo maneno 10 au 15 atakayoyahitaji, kumwuliza mwalimu mwenyeji yanavyosemwa na watoto, na kutumia vitu vilivyopo kama mahindi, maharagwe, majani ya chai na vipande vya mawe kwa kuhesabu na kupanga.

Yanayosaidia shuleni

Vyuo hutumia mbinu ya kufundisha masomo mafupi mbele ya wanafunzi wenzao kabla ya TP. Mbinu hiyo ilianzishwa Stanford katika miaka ya 1960. Mwanafunzi hufundisha stadi moja kwa dakika chache, wenzake humweleza walichokiona, kisha hurudia. Inasaidia, lakini wenzake chuoni hujifanya watoto, nao si watoto. Pengo linalobaki huzibwa na shule inayompokea.

Shule inaweza kumwacha kijana atazame masomo kwa siku kadhaa kabla ya kushika chaki. Inaweza kumteulia mwalimu mmoja wa kumlea badala ya kumwachia majilisi yote. Inaweza kumwanzishia darasa moja, kisha kuongeza. Baada ya somo, mwalimu mlezi akae naye kwa dakika 10 na kumweleza jambo moja lililokwenda vizuri na moja la kurekebisha. Orodha ya makosa 12 humvunja moyo bila kumfunza.

Kosa linaloepukwa kwa urahisi ni kumtumia mwalimu mwanafunzi kuziba pengo la mwalimu asiyekuwepo. Penye upungufu wa walimu kishawishi hiki ni kikubwa. Kijana hupewa masomo mengi tangu Jumatatu ya kwanza na hakuna anayeingia darasani kumtazama. Watoto hukosa mwalimu mzoefu, na kijana hukosa mafunzo aliyokuja kuyatafuta.

Frances Fuller, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, alionyesha mwaka wa 1969 kwamba mwalimu mgeni kwanza hujishughulisha na nafsi yake: "Watanipenda? Nitadhibiti darasa?" Baadaye ndipo mawazo yake huhamia kwa watoto: "Wamejifunza nini?" Walezi wazuri huharakisha safari hiyo. Siku ambayo mwalimu mwanafunzi anaingia majilisi akieleza kuhusu mtoto fulani asiyeelewa sehemu, badala ya kulalamikia kelele, ni dalili kwamba mazoezi yanazaa matunda.

Yanayomhusu mzazi na mkazi

Mzazi ana nafasi kubwa kuliko anavyodhani. Haya ni baadhi ya mambo anayoweza kufanya:

• Mwulize mtoto amejifunza nini, badala ya kumwuliza kama mwalimu mpya ni mkali au mpole. 

• Epuka kumdharau mwalimu mbele ya mtoto kwa kumwita mwanafunzi mwenzake. Darasa lililoambiwa nyumbani kwamba huyu si mwalimu halisi ni gumu kulituliza.

• Ukiona madaftari hayasahihishwi au mtoto haelewi, mwendee mwalimu wa darasa au mwalimu mkuu. Hao ndio wenye wajibu wa kudumu juu ya darasa hilo. Kwa chekechea za umma, malalamiko yasiyotatuliwa kituoni yapelekwe kwa ofisi ya elimu ya kaunti katika kaunti ndogo.

• Mtoto akipigwa, akidhalilishwa au akidhulumiwa kimapenzi na mwalimu yeyote, awe wa kudumu au wa mazoezi, jambo hilo halisuluhishwi kwa mazungumzo ya kimya. Ripoti kwa mwalimu mkuu, kwa polisi na kwa ofisi ya watoto. Nambari 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bila malipo.

• Wenye nyumba za kupangisha karibu na shule wanaweza kukubali kodi ya muhula mmoja bila masharti yanayomlazimu kijana kulipia miezi asiyokaa.

Baada ya mazoezi

Mwanafunzi akimaliza masomo na kufaulu, bado haruhusiwi kufundisha hadi asajiliwe na TSC kwa mujibu wa sheria ya mwaka wa 2012 inayoiongoza tume hiyo. Wengi hupitia kipindi cha unagenzi kabla ya kuajiriwa kwa masharti ya kudumu, na wengine husubiri kwa miaka. Kwa baadhi yao, muhula wa TP ndio kumbukumbu pekee ya darasa watakayokuwa nayo wakati huo wote wa kusubiri. Wakiondoka shuleni wakiamini kwamba kazi hii wanaiweza, na wakijua kwa uhakika ni wapi bado wana upungufu, watarudi darasani siku moja wakiwa na mahali pa kuanzia.

Kaunti ya Kisii ilikuwa na wakazi 1,266,860 katika sensa ya 2019, na Nyamira 605,576. Sehemu kubwa ya watu hao ni watoto walio shuleni au wanaokaribia kuingia. Wengi wa vijana wanaosimama mbele yao muhula huu kwa mazoezi watakuwa walimu wao, au wa wadogo zao, katika miaka michache ijayo. Mzazi anayekwenda shuleni kumsalimu mwalimu mwanafunzi na kumweleza kwamba mtoto wake haoni vizuri akikaa nyuma, amemsaidia mtoto huyo leo, na amemfundisha mwalimu jambo ambalo hakulipata chuoni.